Mvua Nyuma ya Pazia

Msusi wa ghorofa ya kwanza anaapa mpaka leo kwamba alijilaza mchana mmoja, akaamka godoro limelowa chepechepe, na maji yale yalitoka kwenye picha. Anasema aliyaona kwa macho yake mawili yakitiririka kutoka kwenye lile daraja la mbao, yakashuka ukutani, yakapanda kitandani kama mwenye kitanda. Ukimtajia bomba la jirani wa juu, ambalo linavuja tangu siku lilipofungwa, anakuambia wewe hujui sanaa. Hatubishani naye. Picha ilikuwepo, daraja lilikuwepo, na mvua ilikuwepo. Ila ilikuwa mvua ya wino.

Aliyemuuzia aliitwa Shemeji. Hakuwa shemeji wa mtu yeyote mle ndani. Alipewa jina hilo kwa sababu ndivyo alivyomwita kila mwanamke aliyemfungulia mlango, na mlango ukishafunguliwa kwa undugu, kuufunga ni kazi. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi pale tu koti lilipoachia, na ulimi wake ungeweza kumuuzia samaki maji.

Siku mambo yalipoanza, alikuwa anapita nyuma ya hoteli ya pale kona. Hoteli ilifungwa kwa ukarabati, na vibarua walikuwa wanatoa nje vitu vya vyumbani. Kila chumba kilikuwa na picha yake, na picha zote zilikuwa ileile: Wajapani wa zamani wanavuka daraja, mvua inawachapa, mmoja amejitwika mkeka kichwani asilowe, na pembeni kuna muhuri mwekundu. Kopi za mashine, ndani ya fremu nyeusi za kioo. Walizirundika kama vigae.

"Hizi mnazipeleka wapi?" Shemeji akauliza.

"Jalalani. Unazitaka?"

"Nazionea huruma tu."

Huruma hiyo ilihitaji mkokoteni, tena urudi tena na tena.

Mtu mwingine angezipanga barabarani na kupiga kelele bei ikishuka na jua. Shemeji alijua kwamba kitu kikiwa kingi ni takataka, kikiwa kimoja ni hazina. Akaoga, akachukua picha moja, akaja jengo letu.

"Shemeji," alimwambia msusi kwa sauti ya chini, kama aliyeleta habari za msiba, "Wajapani wale walikuwa wanachonga picha kwenye ubao. Rangi hii na ubao wake, rangi ile na ubao wake, halafu wanagandamiza karatasi juu yake, kama mtu anavyopiga muhuri. Sasa fundi aliyechonga mvua hii, alipotoa karatasi ya kwanza tu, alizitia mbao zote moto."

"Moto! Kisa nini?"

"Wivu, shemeji. Hakutaka dunia iwe na mbili."

"Kwa hiyo hii..."

"Ndiyo hiyo."

Habari ya kuchonga mbao ilikuwa kweli tupu; aliisoma kwenye kikaratasi kilichobandikwa nyuma ya fremu, kabla hajakibandua. Uongo ulianzia kwenye moto. Na ndivyo uongo mzuri unavyokandwa: unga wa kweli, maji ya kuchota popote.

Kisha akatoa masharti. Mwanga unakula rangi, kwa hiyo picha ifunikwe pazia. Mwizi ana masikio, kwa hiyo ikae chumbani na mtu asiambiwe. Na fremu isifunguliwe hata siku moja. "Karatasi hii ni kongwe kuliko babu wa babu yako. Ikipigwa na hewa inageuka majivu mkononi."

Masharti hayo yalikuwa matamu kuliko picha yenyewe. Msusi alinunua. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya pili alinunua. Muuza dawa alinunua, na wale maharusi wapya wakaahirisha kununua kabati ili wanunue. Mwisho Mama Mwenye Nyumba mwenyewe, anayekaa juu kabisa ili awaone wapangaji wakiingia na wakitoka, alinunua bila kuomba punguzo, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla wala baada. Kila mmoja akaificha yake chumbani, na kuanzia hapo wakawa wanasalimiana ngazini kwa huruma, kila mtu akimsikitikia mwenzake aliyekosa.

Mtu ambaye Shemeji hakumuuzia kitu alikuwa fundi wa mapazia. Huyu alikuwa dada wa maneno machache, anashona chini ya ngazi kwa cherehani aliyorithi kwa mama yake. Hapo ndipo mwanga wa mlangoni ulipofika, na hapo ndipo kila apandaye na ashukaye alipopita.

"Fundi," msusi alimnong'oneza, "nishonee pazia dogo. Usiniulize la nini."

Fundi hakuuliza. Alipanda na utepe wake, akapima, akaona mvua. Kesho yake mwalimu akamwita, naye hakutaka aulizwe. Mvua. Alipoitwa na muuza dawa alikwenda na utepe kwa adabu tu, na maharusi walipomwita akawaambia wasihangaike, vipimo anavyo.

Hakumwambia mtu. Pazia ni pazia, na mteja ana haki ya kuwa mjinga kwa pesa yake. Angeendelea kunyamaza hadi leo kama Mama Mwenye Nyumba asingeshuka asubuhi moja, mkono kiunoni.

"Mwanangu, mwisho wa mwezi unipishe hapa chini ya ngazi. Pana mpangaji mpya."

"Nani, mama?"

"Yule kijana wa picha. Anataka kufungua duka la sanaa. Amenilipa mwaka mzima, taslimu."

"Na mimi niende wapi?"

"Mji ni mkubwa," alisema Mama Mwenye Nyumba, akaanza kupanda.

Mji ulikuwa mkubwa kweli, na kila kona yake ilikuwa na bei. Fundi alizunguka siku nzima. Alipopata nafasi, kodi ilizidi kile ambacho cherehani ingeweza kushona, na kodi ilipofaa, hapakuwa na mwanga wala mpita njia. Bila pale chini ya ngazi, cherehani ya mama yake ingekuwa meza ya kuwekea sahani.

Alifikiria kusema. Lakini alikuwa amewatazama watu muda mrefu akiwa ameinama, na alijua jambo moja: ukimwambia mtu ametapeliwa, hamchukii tapeli, anakuchukia wewe. Akafunga cherehani, akaenda kwa mjomba wake.

Mjomba alikuwa mhudumu wa hoteli ileile ya kona. Aliifuta vumbi mvua ile miaka nenda rudi, chumba kwa chumba, mpaka alipotolewa nje pamoja na magodoro.

"Mjomba, unaweza kujifanya tajiri?"

"Nimewabebea sahani maisha yangu yote, mpwa wangu. Tajiri hajifanyi kitu. Anasimama tu, anakungoja wewe uhangaike."

Fundi akamshonea suti kwa kitambaa cha mapazia cha rangi ya kijivu. Kwa mbali ilikuwa suti. Kwa karibu, kwa vile haikufanana na suti yoyote, ilionekana ya bei mbaya zaidi.

Asubuhi iliyofuata Shemeji alikuja kupima ukuta wa duka lake, akamkuta mzee huyo amesimama mlangoni, ametulia, anangoja dunia ihangaike.

"Shikamoo mzee. Unamtafuta mtu?"

"Marahaba. Natafuta picha za ile hoteli. Nasikia kuna kijana alizichukua."

"Huenda namfahamu," akasema Shemeji. "Si zilikuwa kopi?"

"Kopi zote, isipokuwa moja. Mwenye hoteli wa kwanza aliitoa Japani, ya ubao hasa, akaichanganya na za mashine ili wezi wasiijue. Mwenyewe amekufa, familia inaitaka."

"Sasa mtu ataijuaje?"

"Unafungua fremu, unapitisha kidole nyuma ya karatasi. Ya mashine ni laini. Ya ubao ina vibonde."

"Na ikipatikana, bei yake?"

Mzee aliitazama ngazi, akautazama ukuta, akamtazama Shemeji, kama anayechagua kipi anunue kwanza. "Bei ataitaja mwenye nayo," akasema, akaondoka taratibu.

Ukishangaa Shemeji aliamini vipi, kumbuka kwamba alikuwa ameuimba wimbo wa "moja tu duniani" kwa kila mlango. Uliporudi kwa sauti ya mtu mwingine, aliudhani mpya. Alikimbia kwake, akafungua picha zote alizobakiza. Laini. Basi ile yenyewe alikwisha kuiuza! Akarudi mbio jengo letu.

"Shemeji," alimwambia msusi, "hebu niifungue ile picha nyuma, niifute vumbi."

"Uifungue? Igeuke majivu?"

"Kidogo tu."

"Wewe si ndiye uliyesema isipate hewa? Au ulinidanganya?"

"Mimi? Nikudanganye wewe?"

"Basi funga mdomo, hewa inaingia."

"Niuzie, shemeji. Nikurudishie pesa yako."

"Moja dunia nzima, nikuuzie kwa bei ya jana? Tena inanyesha! Njoo uone godoro langu. Utalipa picha, na godoro utalilipa."

Akalipa picha, akalilipa godoro. Ngazini aliipasua fremu, akapitisha kidole. Laini.

Mwalimu mstaafu alimkalisha kwanza na kumfundisha habari za fundi aliyechoma mbao. Alikuwa amemuongezea mke, ugomvi wa mirathi na paka mwenye jicho moja, mambo ambayo Shemeji hakuwa na habari nayo. Somo lilipokwisha, akataja bei, na bei ilikuwa na elimu ndani yake. Laini. Muuza dawa alipandisha kila Shemeji alipomeza mate. Maharusi walidai kabati, na kitanda juu yake. Laini, laini. Kila mmoja aliombwa asiwaambie wengine, na kila mmoja aliapa kwa furaha.

Alipofika juu kabisa mifuko yake ilikuwa inapumua.

"Pesa ninayo, mwanangu," alisema Mama Mwenye Nyumba. "Niiuze ya nini?"

"Mama, sema wewe unachotaka."

"Una nini?"

Alikuwa na kitu kimoja tu. "Nina pale chini ya ngazi."

"Basi niachie. Na ile kodi ya mwaka tusiizungumze tena. Kodi ni kama jino, ikitoka hairudi mahali pake."

Shemeji akakubali. Angekubali kuacha na viatu. Alitoka na picha, akaivunja pale pale mlangoni, akapeleka kidole nyuma ya karatasi polepole, macho yamefumbwa.

Laini kama maneno yake mwenyewe.

Ndiyo maana ukipita jengo letu leo utakuta godoro jipya kwa msusi na kabati kwa maharusi. Mapazia madogo bado yananing'inia vyumbani, na nyuma yake ni ukuta mtupu, kwa sababu hakuna aliye tayari kuwa wa kwanza kuliondoa lake. Mwisho wa mwezi ulifika, na Mama Mwenye Nyumba alishuka kudai kodi ya chini ya ngazi kwa fundi, kama kawaida yake, bila kueleza kitu.

Siku hiyo hiyo Shemeji alikuja na mkokoteni umejaa madaraja. Mwenye chumba alichopanga alikuwa amemtoa, na mwenye mkokoteni alikuwa anaguna kwamba ana safari nyingine. Shemeji aliinama chini ya ngazi, na kwa mara ya kwanza ulimi wake ulikuwa mzito.

"Dada," akasema. "Niwekee picha hizi hapa, upande wa ukutani. Siku chache tu. Nimekosea mahali, moja sikuipapasa vizuri, na yule mzee atarudi. Akirudi nitakukumbuka. Dada, unanisikia?"

Fundi alikuwa na pini mdomoni, safu nzima. Alichomoa moja, akaikita kwenye upindo, akanyoosha kitambaa, akakanyaga cherehani.