Mkurugenzi wa Makochi

Jumatatu, 3 Machi

Kampuni imezaliwa leo. Mimi ndiye kifungua mimba, hivyo mkurugenzi ni mimi. Sikuona haja ya kura.

Mdogo wangu wa kike, ambaye mtaa mzima humwita Sindano kwa kazi yake na kwa ulimi wake, aliuliza mkurugenzi wa makochi hufanya nini hasa. Nikamjibu kwamba huona mbali. Akasema kama naona mbali basi nimtafutie gundi, maana hapa karibu haionekani.

Mdogo wetu wa mwisho, Kimya, hakusema kitu. Alikuwa anapiga randa. Huyu akiongea mara mbili kwa wiki, Mama humuuliza kama anaumwa.

Karakana ni ile ile ya marehemu Baba: banda la mabati nyuma ya nyumba, meza ndefu yenye makovu ya msumeno, cherehani karibu na dirisha. Baba alitengeneza makochi humu mpaka mgongo ukamkatalia, na hakuwahi kuweka hata kibao nje. Ndiyo maana alikufa fundi. Mimi sitakufa fundi.

Jumanne, 4 Machi

Kazi imepatikana. Daktari wa meno aliyefungua kliniki huko barabarani anataka viti vya chumba cha kusubiria, vile virefu vya kukaa watu wengi. Sindano ndiye aliyempata. Aliwahi kumshonea mapazia. Daktari amesema viti vikimpendeza, tutapewa na nyumba yake mpya, vyumba vyote. Sindano amerudi anatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Amekaa na Kimya wakichora. Hawakunionyesha mchoro. Nimeuona kwa kupita nyuma yao mara kadhaa.

Mama alisema Baba angefurahi. Nilitegemea angeongeza neno kuhusu uongozi. Hakuongeza.

Daktari ametanguliza pesa ya vifaa. Nikataka ikae kwangu. Sindano akaihamishia mkono wa pili. Mama akasema, "Mpe kaka yako. Si mtu wa nje." Akanipa, ila vidole vyake vilichelewa kuachia.

Alhamisi, 6 Machi

Ng'ambo ya barabara kuna muuza magodoro. Namwita Bwana Godoro, kwa sababu amejaa na hana umbo. Ndiye pekee anayeuza sponji nzuri mtaa huu. Leo nimekwenda kwake kuagiza. Akanisalimia mbele ya wateja: habari za kazi, fundi? Fundi. Nikamwambia nilikuwa napita tu.

Nimepita mpaka sokoni nikiwa na hasira, na hasira ikazaa wazo. Mchinja kuku ana magunia ya manyoya asiyojua ayapeleke wapi. Wafalme wa kale walilalia manyoya. Hakuna mfalme aliyelalia sponji. Amenipa yote bure, na akanishukuru. Mtu anakushukuru kwa kuchukua mali yake. Hiyo ndiyo biashara.

Pesa ya sponji nimeielekeza panapostahili: kibao kikubwa chenye picha yangu, na kadi zenye cheo changu kwa herufi za kuinuka, unaweza kuzisoma kwa kidole. Nimebakiza kidogo, nikanunua sponji nyembamba mahali pengine, ya kuweka juu ili kalio lisiulize maswali.

Jumamosi, 8 Machi

Nimejitolea kujaza viti mwenyewe. Sindano aliacha cherehani, akaniuliza kama nimesikia vizuri nilichosema. Nikamwambia kiongozi bora huanza na mikono yake. Nikawaomba wapumzike, waende na Mama kanisani kwenye harusi ya jirani. Wakaenda.

Manyoya nilikuwa nimeyaanika juu ya bati tangu juzi, ambako hakuna apandaye ila mimi. Mengi yalikuwa yamekauka. Mengine yalikuwa yanaelekea kukauka. Mchana kutwa nimejaza, nimepiga chafya, nimebana kitambaa kwa misumari. Sijawahi kuchoka hivi.

Waliporudi, Sindano alibonyeza kiti kimoja, kisha kingine. Akaniletea chai. Akakaa karibu yangu, kitu ambacho hajafanya tangu msiba. Alisema alikuwa amenifikiria vibaya, na kwamba labda sisi watatu tutafika. Nikamwambia nimemsamehe.

Chai ilikuwa nzuri. Sijui kwa nini sikuimaliza.

Jumanne, 11 Machi

Viti viko kliniki. Daktari amekaa, amesimama, amekaa tena. Amesifu mishono ya Sindano na miguu ya viti ya Kimya. Kuhusu ujazo hakusema kitu, na katika ujazo ukimya ndio sifa.

Nimemwachia kadi. Nimewaachia na wagonjwa. Mzee mmoja mwenye shavu lililovimba aliipokea akidhani ni namba yake ya foleni.

Ijumaa, 14 Machi

Joto la siku hizi halina adabu.

Daktari amekuja mwenyewe mpaka karakana, na koti lake jeupe. Anasema chumba cha kusubiria kinanuka banda la kuku. Anasema vijiti vya manyoya vinatoboa kitambaa na kuchoma watu. Wagonjwa waliokuja wameshika mashavu sasa wameshika na mapaja. Mama mmoja amemwondoa mtoto wake akisema kama hali ya nje ni hii, huko ndani kwenye koleo itakuwaje.

Sindano alisikiliza akiwa amesimama, mkasi mkononi. Akaniuliza sponji niliinunua wapi. Ulimi ukaniponyoka kabla akili haijafika. Nikasema kwa Bwana Godoro. Nikasema amezoea kuchanganya takataka, na kwamba nilimshuku tangu mwanzo.

Sindano akavuka barabara. Sijawahi kuona mtu anavuka barabara namna ile. Magari yalimsubiri.

Nilikaa ndani, lakini sauti yake ilifika. Alimwita mwizi mbele ya wateja wake. Alimwambia anaua jina la marehemu baba yetu. Bwana Godoro alimwacha amalize. Kisha, kwa sauti ndogo iliyonilazimu kutoa kichwa dirishani, akamwambia, "Dada, kaka yako hajanunua kwangu hata kipande. Alikuja, akasema anapita tu."

Sindano aliporudi hakunipigia kelele. Alichukua kisu, akafungua kiti cha majaribio, nilichoanza kukijaza na kikabaki pembeni, akatia mkono, akatoa ngumi ya manyoya. Akayaangalia. Akayaweka juu ya meza ya Baba polepole, kama mtu anayeweka kitu kinachoweza kuvunjika.

Kimya akatoka nje.

Ningependa iandikwe kwamba manyoya yalikuwa masafi kiasi.

Jumatatu, 17 Machi

Sindano amekwenda kurekebisha viti kliniki. Daktari amekataa vitolewe nje, wagonjwa watakaa wapi? Kwa hiyo Sindano amevifungulia pale pale.

Nilipita, kwa bahati, mara tatu. Kupitia kioo nilimwona amepiga magoti sakafuni, kitambaa kimefunika pua, anachota manyoya kwa mikono na kuyatia gunia. Watu wamesimama ukutani wanamtazama. Kila mtu mpya anapoingia, Sindano anaacha kazi, anainua kichwa, anaomba radhi. Nilimwona akiomba radhi kwa mtoto mdogo. Bwana Godoro alikuwa hapo, anakata sponji kwa vipimo. Ametoa kwa mkopo, bila hata kuombwa, baada ya matusi yale yote. Watu wa namna hii ni wa kuogopwa.

Nilishika kitasa cha mlango. Kilikuwa cha moto kwa jua. Nikafikiri: nikiingia, nitawavurugia kazi. Nikaondoka.

Daktari amekubali viti. Nyumba yake mpya amempa fundi mwingine.

Jumatano, 19 Machi

Nimeamka nikakuta karakana tupu. Cherehani haipo. Randa, misumeno, koleo, hakuna. Wameacha meza, kwa sababu haipiti mlangoni; Baba aliijengea humo humo. Na kibao changu kimeegemezwa ukutani, uso umeangalia ndani.

Nikamkuta Kimya anapakia mabaki ya mbao kwenye mkokoteni. Wanahamia nyuma ya duka la Bwana Godoro. Ana chumba, ana sponji, wao wana mikono. Nikamwambia wameuza undugu wetu kwa sponji. Nikamwambia Baba huko aliko amegeuka kaburini. Nikamkumbusha kwamba kila kazi Baba alinipa mimi nishike futi ya kupimia, siyo wao, maana alijua nani ana kichwa.

Kimya akaacha mkokoteni. Akasema, "Kaka, Baba alikupa futi kwa sababu haina makali. Aliniambia mwenyewe. Alikupenda sana, hakutaka uumie wala umuumize mtu." Akafuta jasho. "Ukitaka kuja kufanya kazi, njoo. Utaanza na kupiga msasa. Sindano amekubali. Imemchukua siku mbili, lakini amekubali."

Hayo ni maneno mengi kuliko aliyosema mwaka mzima. Nilisubiri amalize, nikamuuliza cheo kitakuwa kipi.

Akasukuma mkokoteni wake.

Ijumaa, 21 Machi

Mama amenipa chakula. Kisha akasema, akiwa amenipa mgongo, kwamba ndiye aliyewaambia wanipe zile pesa, na kwamba hilo atalibeba yeye. Nikamwambia asijilaumu, hakuna mzazi anayeweza kujua watoto wake wawili watakuja kuwa wasaliti.

 Akachukua sahani kabla sijamaliza.

Kutoka dirisha la karakana naona milango ya Bwana Godoro. Sindano alikuwa anacheka. Sikusikia alichoambiwa.

Jumapili, 23 Machi

Nimetafakari kwa kina. Nimegundua kosa, na ni vizuri kulikiri kwa maandishi: nilishirikiana na watu wasio na maono. Ndugu wa tumbo moja wamekuzoea mno, hawawezi kukuheshimu.

Leo nimekwenda kwa shangazi. Wanawe wawili wanaoka mikate nyuma ya nyumba, mikate mizuri, na hawana jina, hawana kadi, hawana mkurugenzi. Wamekuwa wakihangaika gizani. Nimewaeleza kampuni. Nimewaeleza pia, kwa kuwa niliona gunia la unga na bei yake, kwamba kuna vitu vingi vyeupe duniani ambavyo si unga na havigharimu kitu. Shangazi amefurahi sana. Kwa utani wake ameniita “mume wangu”, amewaambia wanawe wanikabidhi akiba yao, mimi si mtu wa nje.

Ila yule mdogo wao, binti, mikono yake imejaa unga hadi viwikoni, aliniuliza nitaanza lini kukanda.

Nimeliweka hilo moyoni. Huyo ndiye atakuwa tatizo.