Mama Mkwe Aachishwe Ndoo

Kajaani, mwanzoni mwa Septemba

Kwa Mama mkwe mheshimiwa, Bi. Hilja Moilanen,
Hyrynsalmi.

YAH: KUSITISHWA KWA BERI

Shikamoo Mama.

Natumaini magoti hayajambo na paka amerudi. Sisi huku ni wazima, ila friza haifungi. Nakuandikia mimi mkweo Teijo kwa adabu zote, maana kwenye simu hujawahi kuniacha nikamaliza sentensi. Binti yako Outi anajua ninaandika. Amesema, "Andika, lakini mimi simo," akaenda zake sauna.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Friza. Chini kuna beri za bluu, vile vitunda unavyotuchumia msituni na kutuletea kwa ndoo, juu kuna beri nyekundu, na zile za njano za kinamasini zimelazwa pembeni kama maiti ya askofu, haruhusiwi mtu kuzigusa mpaka aje mgeni wa maana. Tangu nimuoe Outi mgeni huyo hajafika. Mwenyekiti wa halmashauri alikuja, tukampa biskuti. Nyama ya mawindo niliyopewa na kaka yangu ilikosa nafasi, ikabidi tuile yote kwa mkupuo. Mpaka leo nikiona pembe natokwa na jasho.

2. Kazi yangu. Mama unafahamu kwamba mimi ni daktari wa meno. Kila asubuhi nakula uji na beri zako, kisha naenda kuwahubiria watu usafi wa kinywa nikiwa na meno ya zambarau. Juzi mgonjwa mmoja aliniangalia nilivyokuwa nikimwelekeza, akasema, "Daktari, tuanze na yako basi."

3. Pai. Uliponiagiza nioke pai ya siku ya kuzaliwa ya Outi, nilitoa beri kwenye friza usiku, nikaziacha ziyeyuke vizuri, kama binadamu yeyote mwenye huruma. Pai ikatoka ziwa. Wageni waliila kwa vijiko, mmoja akaomba bakuli. Nilipokupigia hukunipa hata pole. Ulisema, "Umeziyeyusha? Teijo, beri mbichi unaoka siku ileile ulipozichuma. Za friza zinaingia ngumu kama kokoto, unazipaka wanga wa viazi, unafunga mlango wa oveni na mdomo wako." Kisha ukakata simu. Nilifanya hivyo Jumapili iliyofuata, ikatoka sawasawa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

4. Visivyo beri. Hapa ninasema jambo ambalo Outi amenikataza. Tangu ukungu ukuingie machoni, Mama, ndoo zako zinakuja na majani, miba ya misonobari, sisimizi wenye familia zao, na mwaka huu betri ya kile kifaa chako cha sikioni. Outi hukaa mezani akizichambua moja moja kabla hajaziweka kwenye friza. Nilimwambia, "Mwambie basi." Akanijibu, "Thubutu uone." Nimethubutu.

5. Agosti. Mama, hili siwezi kulifanyia mzaha, ingawa nitajaribu. Pentti wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea alinipigia kliniki. "Teijo, mama mkwe wako aliingia msituni tangu asubuhi na hajatoka. Njooni." Nilimwacha mgonjwa kwenye kiti na pamba mdomoni. Njia nzima Outi alikuwa ameshika kilemba chako ulichokisahau kwetu, anakikunja, anakikunjua.

Tulitembea msituni tukiita mpaka sauti zikakauka. Pentti aliniambia pembeni, asisikie Outi, kwamba kinamasi cha upande ule hakina huruma na mtu asiyeona vizuri. Na wewe tukakukuta ng'ambo ya hicho kinamasi, umekaa juu ya gogo, unakula mkate na jibini.

"Mama, umepotea!" Outi akapiga kelele.

"Nani kapotea?" ukasema. "Mimi nipo hapa hapa toka asubuhi. Ninyi ndio mnaozurura. Na wewe Pentti, toka kwenye hivyo vichaka, unanikanyagia beri!"

Zimamoto wote wakatoka. Outi alicheka. Sote tulicheka, na wewe ukatugawia mkate. Usilolijua ni kwamba tulipokuacha kwako, hatujafika hata barabara kuu, Outi aliniambia nisimamishe gari, akalia hadi vioo vikaingia ukungu. Ndoo yako ya beri alikuwa ameipakata.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Kwanza, usitishe kuchuma mara moja. Kama hilo haliwezekani, uvae kengele ya shingoni, ya aina wanayovishwa kulungu wa kufugwa wa huko kwenu, na Pentti ameahidi kukuchagulia yenye sauti nzuri. Ukikataa kengele, nitaiandikia serikali ifute sheria inayomruhusu kila mtu kuchuma msituni atakavyo, kwa nchi nzima, kwa ajili yako. Watu watachukia. Nitawaambia wakulaumu wewe.

Nisalimie Pentti, msalimie mchungaji, na jirani yako wa kushoto. Wa kulia usimsalimie, najua hamsemeshani. Paka naye, kama yupo. Wajukuu zako wanakusalimia kwa midomo ya bluu.

Ni mimi mkweo mtiifu,
Teijo Kemppainen

Nyongeza: Kifurushi kilichoandamana na barua hii kina ndoo. Outi anasema mpini wa ile yako umelegea. Hii ni ya rangi ya chungwa, inaonekana kwa mbali. Beri nyekundu zinaiva wiki ijayo, nami nitafunga kliniki Alhamisi na Ijumaa, kwa hiyo tafadhali usiingie msituni kabla sijafika, na usimpe mtu mwingine sehemu yetu ya kuchumia. Utaona kwamba ndoo hii ni kubwa kuliko ile ya zamani. Zilikuwepo ndogo pia dukani.