Kengele ya Kikapu cha Ruphin

Jumatatu, 3 Juni 2024

Imekamilika! Kompyuta ya kwanza hapa Kisangani inayoamriwa kwa Kiswahili. Nimeiunda mwenyewe, ndani ya bidoni la manjano la mafuta ya mawese, kwa viungo vya kompyuta tisa zilizokufa. Kioo ni cha televisheni. Lugha yake pia nimeitunga mimi. Kwa miaka ishirini nimeandikia magazeti kulalamika kwamba mashine zinatutaka tuzibembeleze kwa Kiingereza. Hayakunijibu. Nimejijibu.

Amri ni tatu tu: KAMA, BASI, PIGA. Urbain, fundi wa simu kule Mangobo, mtu wa diploma mbili na shati moja, alichungulia akauliza iko wapi LA SIVYO. "Alors, Papa Arthur, sharti lisipotimia, mashine itafanya nini?" Nilimweleza kwa dakika ishirini kwamba mtu mwenye msimamo hana la sivyo. Alikubali. Au alichoka. Kwangu ni ushindi.

Jumatano, 5 Juni

Nimeipatia kazi! Shemeji yangu Ruphin, kaka wa mke wangu Julienne, anavua kwenye maporomoko ya mto. Vikapu vikubwa vya ukoo wake vinaning'inia kwenye miti katikati ya maji makali, na hakuna ajuaye kilichoingia mpaka vivutwe. Mashine yangu itajua. Uzito utakaza kamba, kamba itabana breki ya baiskeli, breki itagusanisha waya, kompyuta itapiga kengele. KAMA KIKAPU KIZITO BASI PIGA. Wengine wanaita hiyo programu. Mimi naiita shairi.

Kasoro moja: sina waya wa kufika ukingoni. Suluhisho: stabilizeta, kile kisanduku cha kutuliza umeme wa friza ya Julienne. Nimeifungua. Shaba tele, imejiviringisha humo bila kazi yoyote.

Alhamisi, 6 Juni

Haikuwa bila kazi. Umeme ulipanda ghafla, friza imekufa. Julienne alifungua mlango wa friza akaanza kuhesabu hasara. Samaki wake wote wa kuuza sasa lazima wakaushwe kwa moshi, na chumba kikavu cha kuwaweka ni kimoja tu: karakana yangu. Karakana yangu! Miaka kumi na moja ya fikra! Nilimwomba mpaka Jumamosi. Alijibu taratibu: "Bon. Kengele ikilia na samaki iko ndani, chumba inabakia yako. Ikilia bure, unatoa vyuma vyako."

Nilicheka. Maskini, hajui anacheza na nani.

Jumamosi, 8 Juni

Watu hamsini kwenye mawe. Urbain alikuja na kiti chake cha plastiki na karanga.

Kwa ukoo wa Ruphin, kikapu kikivutwa, kila mwanaume wa nyumba aliye karibu lazima ashike kamba, na shemeji hushika mbele. Hilo lilinitoka akilini. Tena ni mimi niliyewaapisha wote: kengele ikiwa inalia, tunavuta, hakuna kubishana.

Saa tisa na dakika tano, ikalia. Shangwe! "Shemeji, kamba!" Tukavuta. Magugu ya mtoni. Tukashusha. Kengele bado inalia. "Shemeji, kamba!" Tukavuta. Maji. Tukashusha. Bado inalia. Nilikuwa nimeiamuru ipige. Hakuna aliyeiamuru inyamaze. Urbain alisema, akitafuna, kwamba LA SIVYO ingekaa pale pale. Nilimwandalia jibu kali sana, ila pumzi ilikuwa imekwenda kwenye kamba.

Mara ya kumi na saba, Ruphin alikata waya kwa panga. Kimya. Robo saa baadaye kamba ilitikisika yenyewe, wakavuta bila kuambiwa: samaki aina ya kapiteni, mnene, mrefu kama mguu wangu! Kengele, ikiwa imekatwa, haikusema kitu. Nilimwonyesha Julienne kwamba samaki yuko ndani kweli, sawasawa na nilivyotabiri. Alisema ameona samaki. Kengele ya samaki huyo ndiyo hajasikia.

Jumapili, 9 Juni

Nimehama. Viganja vimechubuka hata misani sikuweza kupiga makofi. Samaki wamelala juu ya meza yangu, wananikodolea macho kama wahariri. Mimi na bidoni tuko barazani.

Urbain alisaidia kubeba, bila kucheka, na hiyo ni dharau ya hali ya juu. Aliacha karatasi yenye mistari miwili ya LA SIVYO, eti iko tayari kunakiliwa. Nimeikunja mara nne nikaiweka chini ya mguu unaoyumba wa meza ya barazani. Inafaa kabisa.

Jumanne, 11 Juni

Nimejichunguza bila kujipendelea. Lugha iko sahihi. Bidoni liko sahihi. Kosa ni la mto, ambao ni mzito kupita kiasi. Kwa hiyo naachana na maji, nahamia kwenye moshi. KAMA MOSHI MWINGI BASI PIGA. Julienne ataamshwa kabla samaki hawajaungua, atalia kwa shukrani, atanirudishia chumba mwenyewe. LA SIVYO? Kamwe!

Kinachokosekana ni waya. Ule mwingine umebaki mtoni. Lakini leo asubuhi Ruphin amemletea dada yake stabilizeta mpya na fundi wa friza anakuja kesho. Nimeinyanyua kidogo, kwa kuipima tu. Nzito ajabu! Julienne ametoka kwenda sokoni. Bisibisi ninayo mfukoni.