Mkwe, Baridi na Majani ya Jirani

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya mama mkwe. (Nguo za heshima, si hizi za mwilini. Tulieni.) Nawaandikia nyote mlio kwenye listi hii kabla Rutta wa Burnsville hajaniwahi, maana yule akisimulia yeye atatia chumvi hadi chakula kisilike.

Mnajua tumenunua nyumba Brooklyn Center. Mnajua pia, kwa sababu nimewachosha kwa habari hiyo, kwamba mama yake mke wangu, Mama Koku, amekuja kutoka Bukoba kumsubiri mjukuu wa pili. Tumempa chumba cha pembeni, chenye dirisha kubwa linalotazama barabara. Chumba kizuri! Kasoro yake moja tu: mwenye nyumba wa zamani alikiongeza mwenyewe, akakiweka juu ya nguzo fupi, na chini ya sakafu ni uwazi mtupu. Upepo wa Minnesota umeshaujua uwazi huo.

Asubuhi nikamwamkia.

"Shikamoo mama. Umelalaje?"

"Marahaba, baba. Nimelala salama."

Alisema hivyo akiwa amevaa koti. Koti la nje, lenye kofia, na kofia kaivuta hadi kwenye nyusi. Mkononi ana kikombe cha chai. Hainywi chai, amekikumbatia kikombe.

Mama Koku akanivuta jikoni. "Mama amelala na koti na viatu! Dada amepiga simu. Jioni Rutta anakuja kumchukua, kwao ghorofani kuna joto."

Sasa nyie mliooa mnielewe. Rutta ni mwenzangu, ameoa dada ya mke wangu. Mkwe anahamishwa kwangu kwa sababu ya baridi, anapelekwa kwa mwenzangu! Uso nitauweka wapi? Halafu mke wangu yuko mwezi wa mwisho, hata kiatu hafungi mwenyewe. Anamtaka mama yake hapa, si Burnsville. Nikapiga simu kazini nikasema naumwa. (Nilikuwa naumwa kweli. Aibu ni ugonjwa.)

Nikaingia vitani. Kwanza dirisha. Kuna plastiki nyembamba wanayouza hapa, unaibandika kwenye fremu, halafu unaipuliza kwa drayer ya nywele mpaka inakaza. Nikachukua drayer ya Mama Koku bila ruhusa. Plastiki ikakaza kama ngoma. Nikaigonga kwa kidole, ikalia! Nikaziba nyufa za mlango. Nikatoka nje, nikamwaga maji yaliyobaki kwenye mpira wa bustani, nikaukunja na kuutia gereji usije ukapasuka kwa barafu. Nikang'oa mabua ya mahindi. Kufikia hapo nilikuwa najiona mzawa wa Minnesota.

Nikarudi chumbani, nikavua viatu, nikakanyaga sakafu. Lahaula! Kama nimekanyaga friji.

Nikatoka tena, nikasimama uani, mikono kiunoni. Ndipo Uhaya wangu ukaamka. Kwetu kibanja hakiachwi uchi. Unakata nyasi, unatandaza kwenye mashina ya migomba, na ardhi inastirika. Mtu akitupa majani makavu kwetu, watu wanauliza kama nyumbani kwake kuna usalama. Na hapa mtaa mzima umetoa majani barabarani, yamefungwa vizuri kwenye mifuko, yanangoja gari la taka! Nikiishindilia mifuko hiyo kuzunguka chumba cha mama, huo upepo utapita wapi?

Mimi uani kwangu nina msonobari mmoja tu, na mchoyo ule haudondoshi kitu. Nikachukua toroli.

Mifuko ya kwanza ilikuwa ya karatasi, imepangwa ukingoni mwa barabara. Nikapakia, nikapeleka, nikarudi. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbwa wake akanipungia mkono. Nikampungia. Mambo safi kabisa.

Sasa njooni taratibu. Nyumba ya kona ilikuwa na mifuko mizuri zaidi. Ya plastiki (maji hayaingii!), rangi ya machungwa, minene, imechorwa macho na mdomo wenye meno. Haikuwa barabarani, ilikuwa kwenye nyasi, karibu na mlango. Nikawahurumia wenyewe. Nikasema hawa wamechoka, wameshindwa kuifikisha barabarani, ngoja niwasaidie. Na ile michoro? Nikadhani ni manispaa inawachangamsha watu wapende usafi.

(Halloween, ile jioni yao ya kutishana, watoto wakigonga milango kuomba pipi, naijua, msinione mshamba! Lakini boga ninalolijua ni lile la kuchongwa, la kuwekwa kwenye ngazi, si la mfuko wa majani. Miaka yote tuliyokaa ghorofani New Hope, jioni hiyo tulikuwa tunazima taa na kujifanya hatupo.)

Mfuko mmoja, mkubwa kuliko yote, ulikuwa umevalishwa kofia na skafu. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaivua ile kofia, nikaitundika kwa adabu kwenye kitasa cha mlango wao, na skafu juu yake, kwa sababu mimi si mwizi.

Nyumba iliyofuata nayo ilikuwa na mifuko hiyo. Na ya ng'ambo pia. Nilifagia mtaa, ndugu zangu.

Ile ya karatasi nikaisukuma chini ya sakafu, ile ya machungwa nikaipanga kwa nje ukutani, nyuso zote zikitazama barabarani ili ipendeze. Nikawasha mashine ya joto, nikasubiri. Mama akaingia chumbani, akaketi kitandani. Baada ya muda akavua kofia. Halafu akavua koti! Halafu akavua soksi, akaegemea mto, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Nilitoka humo nikitembea kwa ncha za vidole, nilipofika jikoni nikacheza peke yangu.

Rutta akafika. Buti la gari tayari kaliacha wazi kwa ajili ya masanduku.

"Shemeji yangu hajambo? Mama yuko tayari?"

"Tayari kwa lipi? Vua viatu ukanyage humu."

Akakanyaga. Akakanyaga tena. "Umefanyaje?"

Hapo ndipo ningeliishia. Ningesema "siri ya fundi" na kumpa chai. Lakini sifa zilinizidi. Nikamtoa nje kumwonyesha, mama na mke wangu wakafuata nyuma. Nikasimama mbele ya ukuta kama mkuu wa mkoa anayezindua kisima.

"Ndugu yangu, watu wanahangaika na mahita. Mimi nimetumia akili ya nyumbani. Tazama! Na vyote hivi wenyewe walikuwa wanatupa!"

Basi la shule likasimama mbele yetu.

Vichwa vya watoto vikajaa madirishani. Koku wangu akashuka, na nyuma yake Katie, binti wa nyumba ya kona. Katie akanyoosha kidole, mdomo ukitetemeka.

"Harold!"

Niligeuka nyuma kumtafuta huyo Harold.

"Daddy!" Koku akapiga kelele. "You took Harold?"

"Harold ndiye nani?"

"The big one! Me and Katie made him!"

Sikilizeni jambo hilo. Ule mfuko mkubwa, mwanangu mwenyewe ndiye aliyeushindilia majani, kwa mikono yake, kwa kina Katie! Katie akaangua kilio. Ndani ya basi nako kila mtoto akaanza kutambua la kwake. Dereva hakuondoa gari, alivua miwani ili aone vizuri. Mama yake Katie, Debbie, akatokea kwenye kona anakimbia, ile kofia mkononi, na kina mama wengine wawili nyuma yake.

Nikafungua mdomo nijieleze. Kiingereza chote nilichosomea kikaniaga. "My mother-in-law," nikasema. "Cold. Leaves." Rutta alikuwa ameinama, kashika magoti, anacheka bila sauti. Nikamtazama mama. Kajifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Nikajua nimemliza mkwe hadharani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na toroli langu.

Khanga ikashuka. Alikuwa anacheka! Machozi yanamtiririka kwa kicheko!

"Koku, mjukuu wangu," akasema, "waambie wenzako bibi alilala na baridi. Baba yako akaniletea hawa wanilinde."

Koku akawaeleza, kwa Kiingereza kirefu na mikono juu. Debbie akanitazama mimi, akautazama ukuta, akamtazama mama aliyesimama bila soksi. Akakaa chini kwenye nyasi zangu akacheka mpaka akapaliwa. Katie akafuta pua, akatoa hukumu: Harold abaki na bibi, ila arudishiwe kofia na skafu yake. Watoto wengine wakashuka kwenye basi wakidai na wa kwao wabaki, maana wakiwa pamoja wanatisha kuliko nyumba yoyote mtaani. Kufikia magharibi baba zao walikuwa wanaleta majani zaidi kwa malori yao. Mmoja ameleta na marobota ya nyasi kavu! Kibanja kizima kimetandazwa!

Rutta akajaribu mara ya mwisho. "Mama, twende basi?"

"Nenda salama, mwanangu. Nyumba yenye walinzi wengi hivi nitaiachaje?"

Akafunga buti lake, akaondoka na masanduku ya hewa.

Basi, fundisho ndilo hilo: nchi hii, kabla hujaokota mfuko wa majani, uliza kwanza unaitwa nani. Na mnaotaka kucheka chekeni taratibu, mama amelala.