Figo za Mbwa, Sahani Yangu

Bucha ya Kona,
Mkabala na kinyozi.

Kwa Daktari wa Mifugo,
Zahanati ya Wanyama.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: KUREJESHEWA CHUMVI YANGU

Nakusalimu kwa heshima zote na kwa sauti ya chini, kwa sababu mtu anayekula boga la kuchemsha asubuhi, mchana na jioni hana nguvu za kupaza sauti. Mimi ni yule muuza nyama mwenye aproni yenye madoa, aliyeingia kwako amebeba mbwa mikononi kama mtoto mchanga, akawapita watu wote waliokuwa kwenye foleni bila hata kuomba radhi. Mbwa mwenyewe ni Karani. Tulimpa jina hilo kwa sababu hukaa mlangoni pa bucha tangu tunapofungua, akimtazama kila mteja anayeingia kama anayemwandika mahali.

Utakumbuka ulimpima damu, ukanikalisha kwenye kiti, ukaniambia figo zake zimechoka na haziwezi tena kuwa mpya, ila akitunzwa kwa chakula anaweza kuendelea kuwa nasi. Ukasema mifupa basi, maini basi, chumvi basi, vitunguu ndiyo kabisa asivisikie. Apewe nyama kidogo iliyo safi, wali mweupe, ute wa yai, boga, na maji tele. Nilikuelewa vizuri. Nilikuuliza tu kama haiwezekani kumwekea figo nyingine, maana figo mimi nauza, nazining'iniza kwenye kulabu na wateja wanachagua wenyewe. Hukucheka, na kwa hilo nakushukuru.

Kwa hiyo sina ugomvi na elimu yako. Ugomvi wangu ni kwamba dawa imepotea njia: mgonjwa ni mbwa, anayetibiwa ni mimi. Naomba nieleze malalamiko yangu moja baada ya jingine, kama mtu mstaarabu.

1. Sufuria. Mke wangu alilelewa katika nyumba iliyopika sufuria moja, na aliyetaka kingine akatafute kwa jirani. Amekuja na sheria hiyo kwangu na sikuwahi kuipinga, kwa kuwa siku zote sufuria ilikuwa upande wangu. Siku tuliyotoka kwako alisimama katikati ya jiko, akayarudia maneno yako yote bila kuacha hata moja, kisha akasema, "Mimi mara mbili sipiki. Kama mgonjwa hawezi kula chetu, basi sisi tutakula chake." Watoto walidhani anatania. Jioni ile tulikula wali mweupe na boga, na kipande cha nyama kilichochemshwa mpaka kikasahau kilitoka kwa mnyama gani. Kikopo cha chumvi kimehamishiwa juu ya kabati la nguo, ndani ya sanduku dogo, pamoja na cheti chetu cha ndoa. Sijui ni kipi kati ya hivyo viwili kinamlinda mwenzake.

2. Mayai. Wewe uliagiza ute. Hukusema kiini kiende wapi. Katika nyumba yetu hakitupwi kitu, na baada ya majadiliano ambayo sikushirikishwa, viini vyote vimekuwa vyangu. Ute ni wake, kiini ni changu, bila chumvi. Siku hizi nikipita karibu na kuku naona haya.

3. Maji. Ulisema asikose maji popote alipo. Sasa kuna bakuli la sebuleni, bakuli la ukumbini, la mlango wa mbele, la mlango wa nyuma, na moja pembeni mwa kitanda upande wangu, kwa sababu Karani hupenda upande huo. Jumamosi iliyopita nilikanyaga la ukumbini nikiwa nimevaa viatu vya kwendea harusini. Mke wangu alitoka mbio chumbani. Nilifurahi kidogo, nikajua anakuja kuniangalia nimeumia wapi. Alipita akaenda kujaza bakuli.

4. Mkojo. Mbwa anayekunywa namna hiyo lazima atoke, na wa kumtoa ni mimi. Hilo nalivumilia. Nisilolivumilia ni mahojiano ya mezani. Mbele ya watoto na mbele ya mgeni yeyote, naulizwa, "Ametoka? Ametoka vipi? Rangi yake?" Nami najibu, nikiwa na kijiko cha boga la manjano mkononi. Daktari, nimeishi na mwanamke huyu miaka mingi na hajawahi kuniuliza hata mara moja kuhusu wa kwangu.

5. Mama mkwe. Aliposikia mgonjwa ni wa figo alikuja na furushi la majani na mizizi, tiba za asili kabisa, akaanza kuchemsha kabla hajavua viatu. Mke wangu akakupigia simu, nawe ukakataza. Ukasema figo zilizochoka hazibebeshwi kitu kisichojulikana, na cha asili si lazima kiwe salama. Umesema kweli. Lakini mama mkwe ni mtu mzima, amesafiri, na moto ulikuwa umeshawashwa. Kumwambia amwage kungekuwa kumdharau. Mke wangu alinitazama, mama yake akanitazama, Karani naye akanitazama. Nilikunywa. Nilikunywa mpaka furushi likaisha. Naomba uandike popote unapoandika mambo haya kwamba dawa iliyoonekana ni hatari kwa mbwa ilipewa mume, na hakuna aliyepiga simu kuulizia figo zake.

6. Kazi yangu. Mimi ni muuza nyama, mtoto wa muuza nyama. Wateja wamezoea kunikuta mchana nyuma ya gogo la kukatia nyama nikila nyama ya kukaanga, na kwa kweli hilo ndilo lilikuwa tangazo langu. Sasa wananikuta nakula boga. Mteja mmoja alisimama mbele ya paja zuri la ng'ombe, bichi, la asubuhi ileile, akaitazama sahani yangu, akalitazama paja, akaniuliza polepole, "Kwani hii nyama ina nini, mwenyewe mbona huili?" Nikamwambia nakula chakula cha mbwa. Daktari, nilikuwa nasema ukweli, lakini kuna ukweli usioiokoa biashara. Alikwenda kununua samaki.

7. Mtaa. Hapa ndipo mambo yalipotoka mikononi mwangu. Kinyozi wa mkabala, ambaye kwa miaka amekuwa akilalamikia magoti, aliniona nimepungua tumbo akataka kujua siri. Nilimwambia kwa hasira kwamba sina siri, ninalishwa kama mbwa. Akadhani namficha. Akamwendea mke wangu, akapewa maelekezo, na sasa anawatangazia wateja wake, walioinamishwa vichwa na hawawezi kuondoka, kwamba tangu aanze "chakula cha Karani" magoti yamelainika. Fundi cherehani naye ameanza. Wanawake wa chama cha mke wangu wamemwomba azungumze, na amezungumza. Wanakuja kwangu wakidai "ile nyama ya mbwa", wakimaanisha isiyo na mafuta, nami namkatia kila mmoja huku nikiomba Mungu asipite mtu mgeni akasikia. Kuna daktari wa binadamu kwenye barabara ileile, amesoma, zahanati yake ina ngazi ya kupandia na feni, na hana wafuasi kama alionao mbwa wangu.

8. Hili la mwisho ndilo zito. Tangu Karani akiwa mtoto nilikuwa na tabia ya kuonja kwanza halafu kumrushia. Tonge la kwanza langu, la pili lake. Ndivyo baba alivyotulea buchani: hupeleki mbele ya mwingine kitu ambacho wewe mwenyewe hujakitia mdomoni. Mbwa huyu ameipokea kanuni hiyo kuliko wanangu. Chakula ambacho hajaniona nikikila, kwake si chakula. Mke wangu amejaribu, watoto wamejaribu, kila mtu amepiga magoti. Anangoja mimi. Na kwa kuwa ulituonya kwamba mbwa wa hali hii akianza kukataa kula ndiyo dalili mbaya kuliko zote, na kwa kuwa sahani zake ni ndogo ndogo za kurudiarudia, natoka buchani kuja nyumbani kila mara, nanawa mikono, nachuchumaa mbele ya bakuli, natia mdomoni boga lisilo na chumvi, na natakiwa nionyeshe sura ya kufurahia. Akiona nimekunja uso, hagusi. Nimekuwa mwigizaji katika umri huu.

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba kwa unyenyekevu:

(a) Uandike barua rasmi kumtenganisha mgonjwa na asiye mgonjwa, ukitaja kwa jina la kazi nani ni mbwa na nani ni muuza nyama, ili pasiwe na utata jikoni.

(b) Uagize sufuria ya pili, kama tiba.

(c) Kama (a) na (b) haziwezekani, basi unisajili na mimi hapo zahanati kama mbwa. Sitaki cha bure. Naweza kulinda mlango. Ila nikishakuwa mbwa nitadai haki zote: kuulizwa nimelalaje, kupapaswa masikio nikimaliza sahani, na kusifiwa kwa kutoka nje tu.

Nitashukuru ukilishughulikia kabla mwili wangu haujazoea. Wote huku hawajambo isipokuwa mimi. Mke wangu anakusalimu sana na anasema boga la safari hii ni zuri kuliko la mwanzo. Mama mkwe anakusalimu pia, kwa mbali, bado hajasahau. Kinyozi anataka kujua kama viazi vinaruhusiwa. Msalimie dada wa mapokezi niliyempita bila salamu siku ile, na yule mzee mwenye paka aliyenipisha.

Ni mimi, mwenye ulimi uliokosa kazi,
Muuza nyama, Bucha ya Kona.

Nyongeza: Barua hii niliiacha mezani nikaenda kunawa, na mke wangu ameisoma. Hakugombana. Alishusha sanduku, akatoa chumvi, akabandika sufuria ya pili, jambo ambalo sijaliona tangu tuoane. Aliniwekea nyama ya kukaanga na vitunguu, ina chumvi, ina rangi, inanukia mpaka buchani. Akasema, "Haya, baba. Kula chako." Hakusema kwa hasira, na hilo lilinichoma zaidi.

Nilikula tonge moja. Daktari, nilikuwa nimesahau utamu wake. Karani alikuwa mbele ya bakuli lake, akanitazama, akaitazama sahani yangu, akanitazama tena. Kisha akaweka kidevu sakafuni. Nikamwambia kula. Nikamsogezea. Akageuza uso ukutani, taratibu, bila kinyongo. Nilipomwinua kumkalisha vizuri mikono yangu ilimpima kabla sijaizuia, maana mikono hii hujua uzito kuliko mizani, na sikupenda ilichoniambia.

Nikaiacha nyama, nikakaa sakafuni na nguo zangu za kazi, nikachota boga lake kwa vidole. Nilikunja uso, nikakumbuka, nikaukunjua. Nikala tonge la kwanza. Akanyanyua kichwa. La pili akala yeye. Tumelimaliza lote, na bakuli amelilamba.

Kwa hiyo maombi (a), (b) na (c) nimeyaondoa. Badala yake nina moja tu. Tafadhali mwandikie mke wangu, kwa mhuri wa zahanati, kwamba chumvi ni marufuku katika nyumba nzima mpaka utakapotoa taarifa nyingine, na hasa kwa muuza nyama. Usimwambie nimeomba mimi. Ikifika hiyo barua yako nitapiga kelele sana kupinga, mtaa mzima utasikia, na wewe usinijali.