Kamati ya Kuchomoa Diski

Idara ya Kuhakiki Vyeti Vilivyohakikiwa ilitangaza Jumatatu kwamba mtambo wake si mzembe, ila unatafakari. Tangazo lilibandikwa mlangoni, pale katikati ya jiji, likiwa na mihuri miwili, ili wananchi waliopanga foleni hadi barabarani wajue kwamba kusubiri kwao kunatambuliwa rasmi.

Aya ya mwisho ilimhusu Naliaka, fundi wa kompyuta. Mtambo usipopata kasi kufikia Ijumaa saa sita mchana, mkataba wake ungekoma. Naliaka alikuwa na chumba kimoja mtaani Kangemi, mama mgonjwa ndani yake, na kazi aliyoitafuta miaka mitatu. Aliisoma aya hiyo mara mbili.

Ajabu ni kwamba chanzo alikuwa anakijua. Kwenye kompyuta kuu, ile inayobeba kazi ya jengo zima, kulikuwa kumechomekwa flashi na diski kumi na moja. Katika idara hiyo, mtu akichomeka kitu chake kwenye mashine kubwa na kukiacha hapo, watu hujua naye ni mtu wa hadhi. Sasa moja, haijulikani ipi, ilikuwa mbovu. Mwananchi akiomba cheti, mashine inakimbilia kwanza kusoma diski mbovu, inakwama, inaanza upya. Cheti kimoja, dakika arobaini.

"Tuzichomoe zote, bosi," alimwambia Mkurugenzi Obuya. "Dakika tano tu."

"Naliaka, mali ya afisa haichomolewi ovyo. Kuna itifaki."

Basi ikaundwa kamati ya watu tisa. Ilikutana kwenye mtaa tulivu wa Mountain View kwa siku tatu, kwa kuwa kelele za wananchi zilikuwa zinawazuia wajumbe kuwafikiria wananchi. Ikaamua vifaa vichomolewe kimoja kimoja, kuanzia cheo cha chini, na mtambo upimwe kila mara. Obuya mwenyewe akaongeza kifungu: afisa ambaye kifaa chake kitapatikana na hatia atahamishwa papo hapo, bila rufaa. Alikuwa na hakika ni flashi ya dereva, kwa sababu madereva hupenda muziki.

Ijumaa saa nne wakaanza. Katibu Jacklyne aliandika kila kitu. Flashi ya dereva ikatoka.

"Mtambo?" aliuliza Obuya.

"Bado," alijibu Naliaka.

Ya karani ikatoka. Bado. Ya mhasibu, bado. Kila baada ya kifaa walikunywa chai, kama itifaki ilivyotaka. Saa sita ikikaribia, ilibaki diski moja nyeusi, ya moto kama sufuria, yenye jina la Obuya kwa wino mwekundu. Wajumbe wote waligundua kwamba dari ilihitaji kukaguliwa.

"Hiyo si kifaa," alisema Obuya. "Ni kumbukumbu za taifa."

Jacklyne aliinua kalamu. "Niandike kumbukumbu gani, bosi?"

Obuya alikohoa. "Harusi ya binti yangu Ivyne. Video za kamera tatu."

Akaongeza haraka kwamba kamati imemaliza kazi, na kwamba kosa, kwa masikitiko, ni la fundi. Dirishani alikuwa Mzee Taib, muuza vitambaa, aliyekuwa foleni tangu Jumanne.

"Mwanangu, ing'oe tu," alisema mzee kwa upole. "Wakikufukuza, angalau sisi tutakuwa tumehudumiwa."

Naliaka alimgeukia katibu. "Jacklyne, azimio linasema tuishie ngazi gani?"

"Ya juu kabisa. Limetiwa saini na Mkurugenzi."

Akaichomoa. Mashine ya kuchapisha ikaguna, kisha ikaanza kutema vyeti, vingine vya watu waliokwisha kukata tamaa na kurudi kwao magharibi mwa nchi. Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne. Naliaka alicheka huku machozi yakimtoka.

Obuya hakutetereka. Aliketi, akavuta kikombe chake. "Sawa. Nihamisheni. Lakini barua ya uhamisho lazima ipitie kwenye mtambo, na mtambo wangu huchukua wiki sita. Tutazungumza."

Jacklyne akaandika jina, akabonyeza. Barua ilitoka kwa sekunde tisa, imehakikiwa na kuhakikiwa tena. Obuya alitakiwa kuripoti mpakani Jumatatu asubuhi, kwenye kituo ambacho bado kinatumia daftari.