Umeme wa Vifaranga Umekwenda Bumbuli

Leo nimeadhirika mchana kweupe, tena shangazi yangu akiwa shahidi.

Mnajua nimerudi Gare baada ya kuzunguka nchi (miguu yangu haijui kukaa). Naishi kwa shangazi aliyenilea. Asubuhi luku imekata, uniti za umeme zimekwisha. Kwa baridi ya huku tatizo si giza. Shangazi ana vifaranga kwenye boksi, wanaota joto la balbu. Balbu ikizima, wanasinzia mmoja mmoja, na hawaamki tena.

Nikajitutumua. "Shangazi, tulia. Mwanamume yupo."

Nikanunua umeme kwa simu. Meseji ikaingia: hela karibu yote imekatwa deni la kodi ya jengo, ile inayolipwa humo humo kwenye umeme, uniti zilizobaki kiduchu. Nikaingiza namba za hizo hizo kwenye mita. Ikakataa. Nikarudia. Ikakataa.

"Shangazi, unadaiwa?"

"Mimi? Hata chumvi sikopi."

Basi tumeibiwa. Nikamwambia twende Lushoto, ofisi ya umeme, wakajue kwamba wazee wana watoto wao. Shangazi akawatia vifaranga kwenye kikapu, akawafunika kitenge, akawapakata njia nzima kama mjukuu.

Ofisini kulikuwa na foleni. Sikuipanga. Shangazi bado anaitikia shikamoo za watu, mimi nimeshafika dirishani nahutubia. Mama wa watu anabambikiwa deni. Vifaranga wanakufa. (Kikapu kikaitikia, pio pio.) Mzee mmoja akasema, "Sema, kijana." Nina miaka arobaini na kitu, lakini lile neno lilinipa nguvu. Nikapandisha sauti.

Dada wa dirishani akaomba simu. Akasoma meseji, akatazama kompyuta yake, kisha akanitazama mimi.

"Kaka, mita hii haiko Gare. Iko Bumbuli."

Foleni nzima ikanigeukia. Hata kikapu kilinyamaza.

"Na imeandikishwa kwa jina la mwanamke."

"Kumbe ana mji wa pili," akasema yule mzee.

Shangazi, anayeniombea nioe tangu ndevu hazijaota, akasogea. "Wa kwanza wenyewe hatujauona. Mwanangu, ana watoto wangapi?"

Ndipo nikakumbuka. Bumbuli nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, umeme tukichangia. Mita yake niliihifadhi kwenye simu kwa jina "Nyumbani". Nilihama, jina sikulifuta. (Nilipapenda pale. Alikuwa ananiwekea viazi kwenye majivu ya moto.) Leo nimebonyeza "Nyumbani" bila kufikiri, nikamlipia na kodi.

Shangazi akataka kuiona simu. "Na mita yangu umeiandikaje?"

Nilikuwa nimeiandika "Gare".

Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa noti, akaninyooshea. Maana hela yangu hairudi, na sikubakiwa na kitu. "Shika," akasema. "Mwanamume yupo."

Nikanunua upya pale pale dirishani. Halafu, kwa kuwa zile uniti kiduchu ni za bibi, nikampigia nimsomee namba zake. Nikaweka spika, shangazi asikie mwenyewe kwamba ni kikongwe tu.

Bibi akasikiliza habari ya deni lake kulipwa. Akacheka.

"Ahsante sana, mume wangu. Unarudi lini?"

Bibi zetu wote hututania hivyo. Nendeni basi mkaieleze foleni ile.

Vifaranga wote ni wazima, wako chini ya balbu. Mita ya hapa sasa inaitwa "Nyumbani", shangazi amesimamia mwenyewe. Ya Bumbuli amekataa niifute. Anasema mke hafutwi.